Gitaa la Kwanza: Lipi Litangulie, Lipi Lisubiri

Anayeingia dukani kutafuta gitaa lake la kwanza hukuta ukuta mzima wa vyombo vinavyofanana kwa umbo lakini vinavyopishana sana kwa bei, na muuzaji naye huanza kumtajia majina ya kampuni. Jina lina uzito wake. Hata hivyo, wanafunzi wengi huliacha gitaa kwa sababu vidole vinauma na sauti haitoki, ndiyo maana mpangilio ufuatao unapima wepesi wa kubonyeza nyuzi pamoja na gharama zinazofuata baada ya kununua.

Nafasi ya kwanza inaliendea gitaa kavu la nyuzi za chuma. Halihitaji umeme, sauti yake inatosha kusindikiza waimbaji sebuleni au kanisani, na nyuzi zake hupatikana kwa urahisi. Ni gitaa kavu ambalo Jean Bosco Mwenda wa Katanga alilipiga kwa vidole, besi na solo kwa pamoja, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipomrekodi mwaka 1952. Yamaha F310 ni mfano wa kawaida wa kundi hili. Omba lifungwe seti ya nyuzi nyembamba, ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.010 au 0.011.

Kabla ya kulipa, likague bila haraka, hata kama muuzaji anaonyesha kuchoka. Tazama kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 (freti ni vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo): milimita 2 hadi 3 zinavumilika, lakini zikifika 4 utateseka. Bonyeza kila uzi katika kila freti ukisikiliza kama kuna mahali unapokwaruza au kufa. Piga uzi ukiwa wazi, kisha uubonyeze kwenye freti ya 12. Noti ya pili iwe ileile, oktava moja juu, na ikikosea, kodi zako, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, hazitapatana kamwe hata ukityuni namna gani. Chungulia shingo kutoka kichwani uone kama imepinda, ingawa kupinda kidogo fundi hurekebisha kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani yake. Jambo lisilosameheka ni daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye tumbo la gitaa, lililoanza kubanduka: ikiwa karatasi inapenya chini yake, liache gitaa hilo hapohapo. Vipimo hivi vinafaa zaidi kwa gitaa la mtumba, ambalo likifaulu huwa bora kuliko jipya la bei ileile.

La pili ni gitaa la nyuzi za nailoni, na kwa mtoto ningeliweka la kwanza, kwa kuwa nyuzi zake ni laini na yapo ya ukubwa wa robo tatu. Shingo yake ni pana, takribani milimita 52 pale kichwani dhidi ya 43 za gitaa la chuma, hivyo wenye viganja vidogo wajaribu kulishika kwanza. Usilifunge nyuzi za chuma kamwe: mvuto wake ni mkubwa mno, nao hung'oa daraja.

Gitaa la umeme linashika nafasi ya tatu kwa sababu ya gharama tu, maana bila amplifaya na waya wake halijakamilika. Kwa vidole ndilo jepesi kuliko yote. Aliyevutwa na solo za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, au na sebene la Kikongo, aupuuze mpangilio wangu na alinunue hili moja kwa moja.

Gitaa kavu lenye pikapu, yaani kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye amplifaya, linakuja mwisho. Mwanafunzi hulipia vifaa vya jukwaani kabla hajafika jukwaani, ilhali fundi anaweza kuvifunga baadaye.

Bakiza fedha za seti ya nyuzi ya akiba na mfuko. Kutyuni kunawezekana kwa programu ya bure ya simu. Usiliache gitaa ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa joto hulegeza gundi na daraja huanza kunyanyuka.