Gereji ya miguu ya gari pale Soweto, Mbeya: unaonyeshwa tatizo kabla hujanunua spea

Kwa wale mnaoulizaga fundi wa miguu ya mbele ya gari (vile vyuma na mipira inayoshika tairi na kupokea mashimo) hapa Mbeya mjini, kuna gereji moja pale Soweto, unaacha lami unaingia ndani kidogo, haina hata kibao. Nimetoka huko na Probox yangu na nimeridhika sana, naandika kirefu ili mtu akienda ajue anaenda kukutana na nini.

Gari yangu inapiga kazi. Inapanda Isyonje na kule juu karibu na Kitulo kufuata viazi, barabara ya huko mvua ikinyesha mnaijua, bado michepuko ya huu ujenzi wa njia nne Nsalaga mpaka Ifisi, basi mbele ikaanza kugonga. Ni kale kamlio ka ko-ko-ko ukipita polepole kwenye vishimo vidogo vidogo, ukiwa kwenye lami safi husikii kitu. Gereji niliyoanzia, sio hii, fundi alikandamiza boneti mara moja akasema shokapu (zile zinazozuia gari kurukaruka) zote mbili zimekufa nikanunue. Chini ya gari hakuingia kabisa. Sisi akina dada tunafanyiwaga hivyo sana, unatajiwa spea na bei papo hapo, ukiuliza umejuaje fundi ananuna.

Huyu wa Soweto cha kwanza alipanda gari na mimi, tukazunguka kwenye barabara ya vumbi vioo vyote vimeshushwa, mara niende taratibu, mara nikate kona mpaka mwisho, mara nishike breki, yeye anasikiliza tu. Akaniuliza inagonga ukipita kwenye shimo au ukikata kona? Maana ikilia ka-ka-ka stelingi ikiwa imekatwa mpaka mwisho na gari inatembea, hiyo mara nyingi ni sivi jointi (kiungo cha ekseli inayozungusha tairi), ukibadilisha shokapu unakuwa umetupa hela.

Tuliporudi akainua na jeki na akaweka stendi (nimeona gereji nyingi mtu yuko chini ya gari imeshikiliwa na jeki peke yake, jamani hiyo inaua). Akashika tairi la kulia juu na chini akalitikisa, likawa na mchezo, yaani linachezacheza. Akamwambia kijana wake akanyage breki, akatikisa tena, mchezo uko palepale. Akanielewesha kwamba kama ungepotea breki ikikanyagwa angefikiria beringi ya tairi, ukibaki unaangalia boljointi (kiungo cha duara kinachounganisha tairi na mkono wa chini wa mguu). Akashika tena kushoto na kulia, hapo anasikiliza tairodi na rakiendi (vyuma vya stelingi vinavyokatisha tairi), zangu zikawa nzima. Halafu akachomeka nondo kwenye wishiboni, yaani ule mkono wa chini, akaiminya kidogo akaniita, "Dada njoo uone mwenyewe." Nikainama na tochi ya simu. Bushi ya nyuma inayoshikia wishiboni kwenye bodi, mpira wake umepasuka karibu wote, kila akisukuma nondo ule ufa unafunguka kama mdomo na tope kavu linadondoka. Akaachia, ukafunga. Hapo hata usipojua chochote cha magari unaelewa kwa nini gari inagonga.

Linki za stabilaiza (vijiti vinavyoshika ule mtarimbo unaozuia gari kulala kwenye kona) hakuzipima gari ikiwa juu, aliishusha kwanza, maana miguu ikining'inia linki zinavutika zinabana, unaweza kudhani nzima. Akazifungua zote mbili tukazunguka tena taratibu bila linki. Ile ko-ko-ko ikapotea kabisa, ukabaki mlio wa kugonga mmoja mmoja mzito upande wa kulia, yaani boljointi na ile bushi. Kwa hiyo ilikuwa milio miwili imechanganyikana, na kwa kusikiliza tu usingeitenganisha.

Nikamuuliza kuhusu shokapu. "Hizi kavu dada, hazijavuja mafuta, na tairi zako hazijaliwa mabonde mabonde. Usinunue."

Akaniandikia spea kwenye karatasi, nikaenda Mwanjelwa kununua mwenyewe na namba ya chesisi mkononi. Boljointi mpya aliipindisha kwa mkono kwanza kusikia kama inakaza. Kuna kitu kingine alifanya ambacho nataka kila mwenye gari akisimamie: bolti za wishiboni alizishika tu, akashusha gari ikakaa chini kwa uzito wake, tukaisukuma mbele na nyuma, ndio akakaza za mwisho. Ukikaza tairi zikiwa hewani mpira wa bushi unashikwa kwenye mkao usio wake, gari ikishuka unabaki umejinyonga muda wote, unachanika mapema, halafu lawama anabeba muuza spea kwamba kauza feki. Feki zipo tena nyingi, lakini ukazaji wa hivyo unaua hata bushi orijino.

Kupimwa ni elfu 10, ukitengeneza palepale wanaikata kwenye ufundi, mimi ufundi wote ulikuja elfu 45. Wapo wanaoona kulipia kupimwa ni wizi. Mimi naona hiyo ndiyo hela niliyoitoa kwa moyo kuliko zote, maana imeniokolea shokapu mbili.

Mabaya yapo. Foleni ni kubwa, pa kukaa hakuna, mvua ikinyesha uwanja wote ni tope. Mashine ya kukandamizia bushi hawana, kijana anabeba wishiboni anaipeleka kwa jirani na ukimkuta jirani ana kazi mnasubiri wote. Wili alaimenti (kunyoosha tairi zikae sawa) pia hawafanyi, na ukishafungua wishiboni lazima uende, yangu ilitoka pale stelingi imelala kidogo kushoto. Alinisisitizia niende siku hiyohiyo kabla tairi hazijaanza kulika upande, ila hela yake ni ya pembeni kwa hiyo ipangie kabisa.

Mkienda nendeni asubuhi, na osheni gari chini kwanza. Ikiwa na tope la huko mashambani hamna fundi ataona mpira uliochanika wala shokapu inayovuja, na hawa wakikuta tope wanakurudisha ukaoshe.