Marejeo yangu 47 na ile steshenari ya mjini: uzoefu wangu

Nilijipa siku kadhaa kabla ya kuandika haya ili hasira ipoe. Haijapoa.

Steshenari ziko tele hapa Mwanza, na nyingi siku hizi zimebandika ukutani "Tunapanga marejeo: APA, Harvard, Vancouver" chini ya bei ya kudurufu na kulaminisha. Hii ninayoisema ni mojawapo. Jina silitaji, nia yangu si kumfungia mtu biashara.

Makala yangu ni ya dagaa: wale wanaoanikwa mchangani ukiwalinganisha na wale wa kwenye vichanja. Nimeshinda mialoni asubuhi hadi jioni, nikirudi nyumbani hata mkoba unanuka. Marejeo 47 niliyaingiza mwenyewe kwenye Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, moja moja, kwa bando langu. Nilikuwa nimeyaweka kwa jina na mwaka; jarida likataka namba, mtindo wa Vancouver. Ukiwa na kompyuta yako hiyo si kazi, unachagua mtindo mwingine na programu inageuza yenyewe. Ila yangu ilikuwa kwa fundi, na mimi nawahi meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Nikampa kijana flashi, nikamwambia si mara moja: mdogo wangu, hizo rejea ziko hai, zimeungana na programu, usizikate. "Usijali dada, hii ndiyo kazi yetu ya kila siku." Elfu ishirini, nikalipa yote palepale.

Nilipotoka Ukerewe nikakuta imechapwa, imebanwa pini, namba zimejipanga safi kwenye mabano. Nikafurahi kwa kweli. Niliwasifia hata wenzangu wawili huduma hiyo, na kwa hilo nawaomba radhi. Nikaituma makala.

Ikapita miezi, wahakiki wakajibu. Majibu mazuri, wakaomba tu niongeze vyanzo viwili kwenye utangulizi. Viwili. Nikafungua faili, nikabofya kwenye [14]. Anayetumia Zotero ndani ya Word anajua: rejea ikiwa hai, ukiibofya mabano na namba vinageuka kijivu kwa pamoja, kama kitu kimoja. Hapa hakikugeuka kitu. Kishale kikasimama katikati ya 1 na 4, kinawaka na kuzima. Nikajaribu [15]. Nikajaribu [16]. Nikateremka hadi ya mwisho. Zote zimekufa. Alizifuta akaandika namba kwa mkono, kama mtu anayejaza daftari la madeni.

Asiyefanya kazi hii ataona nakuza mambo. Vancouver inahesabu kwa kufuata maandishi yanavyokwenda: unachokitaja kwanza ndicho namba 1. Ukipenyeza vyanzo viwili baada ya cha 4, cha 5 kinakuwa 7, cha 6 kinakuwa 8, hivyo hivyo mpaka cha 47 kiwe 49, na kila mahali kilipotajwa lazima kibadilike. Programu inayamaliza hayo wewe hujapepesa. Kwa mkono, hata kuanzia mbele huwezi. Ukigeuza 5 kuwa 7, ukifika kwenye 7 ya zamani ili uifanye 9, unazibeba na zile ulizotoka kuzigeuza. Lazima uanzie 47 urudi kinyumenyume. Na pale palipoandikwa [9–12], ndani yake mna 10 na 11 ambazo ukizitafuta huzioni.

Hilo ningelimeza. Lakini katika kurudi kinyumenyume, namba kwa namba, ndipo nikakutana na ubaya wenyewe.

Kuna makala ya mwaka 1992 ya Witte na wenzake, kwenye Environmental Biology of Fishes, kuhusu kuangamia kwa samaki aina ya furu wa ziwa letu la Victoria. Waandishi ni saba. Jarida langu linataka uandike sita wa kwanza kisha "et al.", basi. Huyu kijana amewaandika wote, tena wamekuwa wanane, kwa sababu Witte-Maas, mtu mmoja, amemkata kwenye kistari akapata watu wawili. Van Oijen amekuwa "Oijen V". Halafu sentensi yangu inayosema dagaa wa mchangani wanabeba uchafu kuliko wa vichanjani ina namba 23. Nikashuka kwenye orodha kuitazama 23. Ni hiyohiyo makala ya furu! Wale watu hawakuandika hata neno kuhusu vichanja. Nimewasingizia. Na jina lililo juu ya makala ni langu, si la steshenari.

Nikapanda daladala nikamfuata. Akaniacha nimesimama akimlaminishia mtu cheti, mpaka akamaliza, akatoa na chenji. "Dada, kazi ulishapokea, na ukashukuru." Nikafungua faili nimwonyeshe ile 23. Skrini hakuitazama. "Kwani nani anasoma marejeo? Hizo ni namba tu." Aliyekuwa anasubiri picha za paspoti akacheka. "Kurekebisha ni elfu kumi na tano."

Namba tu! Mwanafunzi wa Musoma au Kisumu akitaka kujua nilitoa wapi maneno yangu, njia aliyonayo ni hiyo namba, hana nyingine. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana mjini Vancouver mwaka 1978 wakakubaliana namna moja ya kuandaa makala, ili mwandishi asisumbuke kuandika upya kila anapobadili jarida. Mimi nimeandika upya, kwa sababu mtu aliona ni namba tu.

Haki yake nimpe. Ana kasi, na siku ile umeme ulipokatika aliwasha jenereta bila kuniongezea bei. Ripoti ya mwenzangu aliifunga vizuri, jalada gumu, maandishi ya dhahabu hayajabanduka mpaka leo. Nilikusudia nyota tatu: kwa kufunga ripoti nendeni, kwa marejeo msiende. Lakini nikiandika haya nakumbuka ule mkono ukimrudishia mtu chenji huku mimi nimeshika kompyuta wazi mbele yake, na hata ripoti yangu siipeleki pale. Nyota moja.

Kama huna budi kumpa mtu faili, baki na nakala yako yenye rejea hai, na siku ya kupokea ibofye namba moja mbele yake kabla hujatoa hela. Isipogeuka kijivu, usilipe.

Nimekesha siku tatu kuzirudisha zote kwenye Zotero, 49 sasa. Makala iliyosahihishwa nimeituma, na barua kwa mhariri nikimweleza kwamba ile 23 waliyoipitia wahakiki haikuwa chanzo cha maneno yale. Kuiandika ilinichukua muda kuliko marejeo yenyewe. Jibu bado.