Wazoaji taka wa Langoni: nyota tatu kati ya tano

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vichache hapa Langoni, Lamu mjini, kwa hivyo taka zangu ni nyingi: machicha ya nazi, matumbo ya samaki, na chupa za maji za wageni ambazo haziishi. Vijana wa mtaa hutuzolea kwa punda mwenye shogi, ule mfuko mkubwa wa mizigo wa mgongoni, maana vichochoroni mwetu gari halipiti. Mimi nalipa shilingi 500 kwa mwezi. Nyumba za familia hutozwa nusu.

Kuja, wanakuja, hilo niwape. Jua halijakolea utasikia "Taka!" mlangoni, na kikidondoka kitu kizingitini kijana anafagia bila kuambiwa. Pesa hukusanywa na mama mmoja wa papa hapa mwenye daftari. Jina lako likikaa bila tiki, baraza zima linajua. Naona ndiyo sababu huduma hii imedumu. Kisheria, kuzoa taka ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na sheria ya taka ya 2022 inatutaka tutenganishe zinazooza na zisizooza. Lakini mtaani kwetu watu wanaliogopa lile daftari.

Sasa lawama. Natenganisha vizuri, ndoo yake na gunia lake, halafu kufika konani vyote vinatiwa shogi moja! Nikamuuliza kijana. "Bi, mnunuzi wa chupa hajaonekana, niziweke wapi?" Siwezi kumlaumu sana. Chupa ni nyepesi na zinajaza mashua. Kuzivusha kutoka kisiwani hadi Mokowe, ng'ambo bara, kisha lori mpaka Mombasa, gharama inameza bei yake. Ufundi tunao, Flipflopi, ile mashua ya plastiki iliyotumika, iliundwa papa hapa Lamu na kushushwa majini 2018. Mnunuzi wa kuaminika ndiye hatuna.

Halafu kuna jirani asiyelipa, anayetupa zake mtaroni usiku. Vijana wakimzolea bure, sisi tunaolipa tunanung'unika. Wakiziacha, punda wa watu wanakula plastiki na matumbo yanafunga. Hapo kikundi hakijapata dawa, na sidhani kitaipata bila askari wa kaunti kupita mara moja moja.

Ukijiunga, matumbo ya samaki yafunge vizuri, punda hulengwa na nzi vibaya. Machicha mimi nimeacha kuwapa. Mwenye mbuzi wa nyuma huyafuata mwenyewe.