Monita ipi ya studio inaifaa kompyuta yako ya zamani: mwongozo kwa wanunuzi wa Arusha na Moshi

Anayetafuta monita ya studio kwa ajili ya kompyuta ya zamani kama Commodore 64, Amiga 500 au ZX Spectrum kwa kawaida huulizia inchi na jina la kampuni, ilhali anapaswa kwanza kuigeuza monita na kutazama matundu yaliyo mgongoni. Monita hizi za chogo, yaani zenye kioo kinene na mgongo mrefu, zilitengenezewa vituo vya televisheni, vyumba vya uhariri na hospitali. Nyingi hazina sehemu ya kupokea antena, hivyo kompyuta inayotoa picha kwa waya wa antena pekee haitaonyesha kitu, hata monita iwe ya bei gani. Ndiyo maana nimezipanga kwa matundu.

Nafasi ya kwanza ninaipa monita ya inchi 14 yenye RGB (nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa waya wake), Y/C (mwanga na rangi kwa nyaya mbili) na kompoziti (picha nzima kwa waya mmoja) kwa pamoja, mfano Sony PVM-14M2 au PVM-14L2. Amiga hutoa RGB ya kilohezi 15.6, yaani kasi ya kuchora mistari ya picha, kasi ileile ambayo monita hizi zimeundiwa. Waya wake una plagi ya pini 23 upande mmoja na vichwa vinne vya BNC (plagi za duara za kusokota) upande wa pili: vitatu vya nyekundu, kijani na bluu, na cha nne cha ulandanishi, yaani ishara inayoituliza picha, ambacho huingia kwenye tundu la EXT SYNC. Kitufe chenye jina hilo kisipobonyezwa, picha hukimbia kioo kizima na mnunuzi huenda akadhani ameuziwa kifaa kibovu. Mwombe fundi aweke rezista kwenye waya wa ulandanishi, kwa kuwa Amiga huutoa ukiwa na nguvu kuliko monita inavyotarajia.

Ya pili ni monita yenye Y/C na kompoziti bila RGB. Mwenye Commodore 64 hana haja ya zaidi, kwani kompyuta hiyo haitoi RGB kabisa. Matoleo yake yenye tundu la pini 8 hutenganisha mwanga na rangi, na rezista ya omu 300 kwenye waya wa rangi huzuia rangi zisikolee kupita kiasi. Mwenye Amiga 500 asiiguse, maana kompoziti ya kompyuta hiyo ni nyeusi na nyeupe tu.

Ya tatu ni ile ndogo ya inchi 9 yenye kompoziti pekee. Inaitosha Spectrum ya mwaka 1982, mradi fundi ameichomoa picha kabla haijaingia kwenye kisanduku cha antena kilichomo ndani. Kazi hiyo ni fupi kwa mtu anayejua kushika kauya, chuma cha kulehemu.

Ya inchi 20 ninaiweka nafasi ya nne, ingawa ndiyo inayotamaniwa zaidi. Ina uzito wa takriban kilo 30, na kuisafirisha kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Moshi bila kuigonga si jambo la kubahatisha. Soma pia kibandiko cha umeme: baadhi zilizotoka Marekani hupokea volti 120 tu, na zitaungua kwenye 230 zetu.

Televisheni bapa yenye kisanduku cha kubadilisha mawimbi ni ya mwisho. Vingi vya visanduku hivyo hudhani mistari 288 ya kompyuta hizi ni nusu ya picha ya mistari 576, na matokeo yake ni herufi zinazotetemeka.

Ukikagua monita kwa muuzaji, iwe soko la Kilombero au kwingineko, iwashe kwa dakika 20, kisha weka picha nyeupe tupu: nembo ya kituo au saa ya kamera iliyoacha alama ya kuungua kwenye kioo itajitokeza hapo, na haifutiki. Usikubali ifunguliwe dukani ili "kuongezwa mwanga", kwa sababu ndani mna volti zaidi ya 20,000 zinazoweza kubaki hata baada ya kuzimwa. Ukiagiza kutoka mbali, dai picha ya mgongo kabla hujatuma fedha.