Dakika, si kilomita wala idadi ya vitabu: tathmini ya Couch to 5K na shindano la kusoma la Goodreads

Couch to 5K, yaani "kutoka kochini hadi kilomita 5", ni ratiba ya mazoezi ya kukimbia ya wiki 9, vipindi 3 kwa wiki, jumla vipindi 27. Inamchukua mtu asiyekimbia kabisa na kumfikisha kwenye dakika 30 za kukimbia bila kusimama. Aliitunga Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, akitaka na mama yake aweze kuifuata. Leo wengi huitumia kupitia programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ambayo ni ya bure. Sauti ya kocha hukwambia lini ukimbie na lini utembee, na kati ya sauti za kuchagua amewahi kuwamo Michael Johnson, bingwa wa mita 200 na 400 wa Olimpiki ya Atlanta. Maelekezo ni ya Kiingereza, lakini ni mafupi na yanajirudia. Kama programu haipatikani kwenye simu yako, hukosi kikubwa: ratiba nzima inaenea kwenye kipande cha karatasi, na saa yoyote inayoonyesha sekunde inatosha.

Ratiba ni hii. Kila kipindi huanza na dakika 5 za kutembea kwa haraka na huisha na nyingine 5 za kutembea taratibu. Katikati, wiki ya 1 unakimbia sekunde 60 na kutembea 90, mara 8. Wiki ya 2 unakimbia sekunde 90 na kutembea dakika 2, mara 6. Wiki ya 3 unakimbia sekunde 90, unatembea 90, unakimbia dakika 3, unatembea 3, kisha unarudia yote mara moja. Wiki ya 4 ni kukimbia 3, kutembea 1 na nusu, kukimbia 5, kutembea 2 na nusu, kukimbia 3, kutembea 1 na nusu, kukimbia 5. Kuanzia wiki ya 5 kila siku ina sura yake: kwanza dakika 5 mara tatu na mapumziko ya kutembea ya 3, halafu 8 mara mbili na mapumziko ya 5, halafu, siku ya tatu, dakika 20 mfululizo. Wiki ya 6 ni kukimbia 5, 8 na 5 kwa mapumziko katikati, kisha 10 na 10 vilevile, kisha 25 mfululizo. Wiki ya 7 ni 25 kila siku, ya 8 ni 28, ya 9 ni 30.

Siku inayowatisha watu ni ile ya tatu ya wiki ya 5. Inaeleweka: juzi ulikimbia dakika 8, leo unaambiwa 20. Lakini jumlisha dakika za kukimbia peke yake uone. Wiki ya 1 ni dakika 8 kwa kipindi. Wiki ya 2 ni 9. Wiki ya 3 ni 9 vilevile, ila vipande vimerefushwa. Wiki ya 4 inaruka ghafla hadi 16. Wiki ya 5 inakwenda 15, 16, 20. Kwa hiyo zile dakika 20 za kutisha ni nyongeza ya 4 tu juu ya kipindi kilichotangulia, na kilichoondoka ni mapumziko ya katikati. Mruko wenyewe uko kati ya wiki ya 3 na ya 4, ambapo mzigo wa miguu unakaribia kuongezeka maradufu bila mtu kutahadharishwa. Ndipo ugoko unapoanza kuuma. Moyo na mapafu huzoea upesi. Mifupa na kano huchelewa. Mtu anajisikia ana pumzi ya kutosha, anaongeza kasi, na mguu unalipa.

Dawa yake ni kuingiza wiki moja ya ziada kati ya hizo mbili: kimbia dakika 3, tembea 2, mara nne. Hiyo ni dakika 12 za kukimbia, daraja zuri kati ya 9 na 16. Ratiba itakuwa ya wiki 10 na hakuna kitakachoharibika.

Kosa kubwa kuliko yote ni kasi. Wanaoacha wiki ya 2 au ya 3 mara nyingi si kwamba hawawezi. Wanakimbia kana kwamba wanakimbilia daladala. Kwenye ratiba hii neno kukimbia lina maana ya mchakamchaka. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania ana kipimo tayari kichwani: kwenye mchakamchaka mtu anaimba na wenzake wanaitikia, na anayeshindwa kuitikia amezidisha mwendo. Klabu za jogingi za Dar es Salaam bado zinakimbia hivyo kila mwisho wa wiki, na hakuna kipima mapigo ya moyo cha bei yoyote kinachomfaa anayeanza kuliko kiitikio cha wimbo. Ukiwa peke yako, sema sentensi nzima kwa sauti. Ikikatika katikati, punguza. Mwendo huo unaweza kuwa wa polepole hata ukapitwa na anayetembea kwa haraka. Uache ubaki hivyo.

Viatu. Huhitaji vya gharama, unahitaji vilivyo hai. Wengi watanunua mitumba, Karume au Gikomba, na pale kuna mambo matatu ya kukagua. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba upande wa kisigino: ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi isiyorudi, imekwisha hata kama juu kiatu kinang'aa. Kunja kiatu mbele pale vidole vinapokunjia na utazame gundi; kiatu kilichokaa stoo miaka mingi kinaweza kuachia soli wiki ya kwanza tu. Kisha kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande mmoja, kitaulaza na mguu wako. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na ujaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo.

Pwani, kipindi kianze saa 12 asubuhi au kabla. Kufika saa 2, jua na unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa vinakufanya ukimbie wiki ya 3 kwa jasho la wiki ya 7. Anayehamia Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, arudi wiki moja nyuma kwa siku chache za mwanzo, kwa kuwa pumzi itapungua tu. Mwezi wa Ramadhani usisonge mbele na ratiba. Baki wiki uliyopo, ukimbie muda mfupi kabla ya futari ili maji yawe karibu, na Shawwal uendelee ulipoachia. Ukikosa wiki moja kwa safari au homa, rudia wiki ya mwisho uliyomaliza. Ukikosa mbili au zaidi, rudi wiki mbili.

Kuhusu maumivu: kichomi cha ubavuni huondoka ukipunguza mwendo na kutoa pumzi ndefu, na hupungua ukiacha saa 2 au 3 kati ya mlo mzito na kukimbia. Maumivu ya ugoko yaliyotanda mbele ya mguu yanataka siku chache za kupumzika. Ila yakiwa mahali pamoja panapouma ukipabonyeza kwa ncha ya kidole, simama kabisa, nenda hospitali, mfupa huenda umeanza kupata ufa. Mwenye presha, kisukari au aliyewahi kubanwa na kifua aanze kwa daktari, si kwa wiki ya 1.

Kasoro ya wazi ya Couch to 5K ni jina lake. Ratiba inaahidi kilomita 5 lakini inakupa dakika 30. Hivyo viwili ni kitu kimoja kwa anayekimbia kilomita moja kwa dakika 6 tu. Anayetumia dakika 8 kwa kilomita, na waanzaji wengi wako hapo, atamaliza wiki ya 9 akiwa amekwenda kilomita 3.75, na programu itampongeza kwa kilomita 5 ambazo hajazifika. Wengine huvunjika moyo hapo hapo, bila haki yoyote. Kinachotakiwa ni rahisi: baada ya wiki ya 9, kipindi kimoja kwa wiki kiongezewe dakika 2, viwili vibaki 30. Wa dakika 8 atafika dakika 40, yaani kilomita 5 kamili, baada ya wiki 5. Kwa walioko Uingereza kuna mahali pazuri pa kuifikia: parkrun, mbio za kilomita 5 za bure zilizoanzia Bushy Park, London, mwaka 2004 zikiwa na wakimbiaji 13. Ni kila Jumamosi asubuhi, kwa sehemu kubwa ya nchi saa 3, unajisajili mara moja na kubeba msimbo wako wa milia (barcode), na kutembea kunaruhusiwa. Kuna hata mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho.

Sasa vitabu. Tumeviweka pamoja kwa sababu wengi wanaojiwekea lengo la kukimbia hujiwekea na la kusoma, na chombo kinachojulikana zaidi kwa hilo ni shindano la kusoma la kila mwaka la Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu ulioanza 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013. Unaandika idadi ya vitabu, tuseme 24, nao unagawa mwaka sawasawa na kukuonyesha kama uko mbele au nyuma kwa vitabu vingapi.

Hapo ndipo linapokosea, na kosa lenyewe ni la kipimo. Kijitabu cha kurasa 90 na riwaya ya kurasa 700 vinahesabiwa sawa. Ikifika Septemba uko nyuma kwa vitabu 5, kitabu kinene ulichokitamani kinakuwa adui, na mkono unakwenda kwenye chembamba. Anayeacha kitabu kibaya ukurasa wa 150 hapati kitu, hivyo anajilazimisha kukimaliza na wiki tatu zinapotea. Couch to 5K inakuhesabia dakika ulizotoa, iwe umekwenda mbali au karibu. Goodreads inahesabu mistari ya kumalizia tu. Mwanzaji anahitaji cha kwanza. Kuna na tatizo dogo la kiufundi: usipojaza tarehe ya kumaliza, kitabu hakiingii kwenye hesabu ya mwaka, na wengi hudhani programu imekosea. Lengo unaweza kulibadili mwaka ukiwa katikati. Wanaojiona nyuma wafanye hivyo bila aibu.

Tunachopendekeza ni kuazima muundo wa wiki 9. Siku za kukimbia ni 3, zinabaki 4 ambazo miguu inapumzika. Ziwe za kusoma. Wiki ya 1 na ya 2, dakika 10. Ya 3 hadi ya 5, dakika 15. Ya 6 kuendelea, 20. Simu iwe chumba kingine. Ikikaa mezani, hata ikiwa kimya, mkono utaifuata kila aya inapokuwa ngumu. Saa ile ile, kiti kile kile. Na kama mwendo wa kukimbia, mwendo wa kusoma usilazimishwe: aya iliyokupita irudiwe, hiyo si kurudi nyuma.

Pima mara moja tu mwanzoni: soma dakika 10, hesabu kurasa. Ukipata 5, riwaya ya kurasa 200 inataka dakika 400, yaani vipindi 20 vya dakika 20, yaani wiki 5. Hesabu hiyo peke yake huondoa hofu ya kitabu kinene, kwa sababu unajua tarehe utakayokimaliza.

Vitabu vya kusikiliza na kukimbia havipatani vizuri katika wiki hizi. Kocha anaingilia katikati ya sentensi, na akili ya mwanzaji iko kwenye pumzi. Visikilize kwenye matembezi ya siku za kupumzika, na penye barabara ya bodaboda acha sikio moja wazi.

Kwa wanaotaka kumbukumbu kwenye simu, StoryGraph, programu iliyoundwa na Nadia Odunayo, inafaa zaidi kwa sababu lengo linaweza kuwa kurasa, au saa kwa vitabu vya kusikiliza. Inapokea faili la kumbukumbu zako kutoka Goodreads, hivyo huanzi upya. Vitabu vingi vya Kiswahili havimo, lakini unaweza kuviongeza mwenyewe. Ukifanya hivyo jaza idadi ya kurasa kutoka kwenye nakala uliyoishika, kwani matoleo hutofautiana na hesabu yako itapinda. Vipindi 4 vya kurasa 10 kwa wiki 52 ni kurasa 2,080. Andika 1,800, ili wiki za homa, Idi, Krismasi na msiba ziwe zimeshatengewa nafasi.