Hamsta wetu aliguguna vyuma kila usiku: uzoefu wangu na tangi la kioo

Ni miezi minane tangu ninunue tangi la kioo kwa ajili ya hamsta wetu, mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na panya, na sasa ninaweza kulisemea.

Tunaishi Hamburg, Ujerumani. Binti yangu anafuga hamsta wa Syria anayeitwa Karanga. Tulimpata pamoja na kizimba chake cha fito za chuma, chenye ghorofa mbili na gurudumu dogo la plastiki la kukimbilia. Ikifika saa tano usiku anaanza: krr, krr, krr, ameng'ang'ania fito ileile ya kona hadi karibu na alfajiri. Kelele tungezizoea. Kilichoniuma ni pua yake: manyoya ya juu yalinyonyoka, ngozi ikabaki nyekundu.

Nilianza na dawa chungu ya kupulizia kwenye fito. Usiku wa kwanza alinyamaza, wa pili akahamia fito nyingine, wa tatu akarudi palepale. Sitainunua tena.

Nikanunua vijiti vya mti wa tufaha. Hivi navipenda mpaka leo. Meno ya mbele ya hamsta yanakua maisha yake yote, kwa hiyo lazima apate kitu kigumu cha kuyapunguza. Karanga alivibambua maganda usiku mmoja, kisha akarudi kwenye chuma.

Daktari wa wanyama alimkagua. Meno yalikuwa sawa, na ile rangi ya manjano iliyonitia hofu ni ya kawaida kwa hamsta. Akaniuliza, "Ana pa kuchimba?" Hakuwa napo, maranda yake yalikuwa ya kina cha vidole viwili. Akanieleza kuwa watafiti wa Bern, Uswisi, waliwaweka hamsta kwenye maranda ya kina cha sm 10, 40 na 80, na wale wa sm 10 ndio walioguguna vyuma zaidi. Kwao Syria, upande wa Aleppo, hamsta huishi kwenye shimo analochimba mwenyewe, mara nyingi zaidi ya nusu mita kwenda chini. Nilisikitika sana kuona tulichomnyima.

Ndipo nikalitafuta tangi: la samaki, lililotumika, urefu sm 120, upana 50, kimo 50, kwa euro 45. Ni zito mno. Mimi na jirani tulilipandisha ngazi kwa kupumzika mara nne. Mfuniko halikuwa nao, nikatengeneza fremu ya mbao na kuiwamba wavu wa waya ili hewa ipite. Nikajaza maranda sm 30 upande mmoja, nikayachanganya na nyasi kavu na kuyashindilia ili mashimo yasibomoke. Gurudumu nililibadilisha nikachukua la sm 28, maana lile dogo lilimpinda mgongo. Jambo moja msilipuuze: nyumba nzito na bakuli la mchanga viwekwe juu ya miguu inayofika sakafuni mwa tangi. Vikikaa juu ya maranda tu, akichimba chini yake vitamwangukia.

Wiki ya kwanza alikuna kona za kioo, nikadhani nimepoteza pesa. Kufikia siku ya kumi usiku ulikuwa kimya. Binti yangu alinivuta mkono asubuhi kunionyesha njia ya chini kwa chini iliyopita kando ya kioo, na Karanga amelala mwisho wake juu ya nyasi alizozibeba mashavuni. Pua imeota manyoya tena. Bado anaguguna, ila sasa ni vijiti vyake na daraja la mbao, na nafurahi akifanya hivyo.

Kasoro ni uzito, na joto la kiangazi: kioo hakipitishi hewa, hivyo tunalikinga na jua la dirishani. Usafi ni rahisi, kwani natoa tu sehemu iliyolowa na kuacha mashimo yake yabaki. Tangi nalipatia nyota nne kati ya tano. Ukienda kununua, beba rula, na upime kwanza meza itakayolibeba.