Usaili wa kurekodiwa kwa waombaji wa shahada ya biashara: tathmini baada ya misimu miwili

Jopo letu la udahili limetumia huduma ya usaili wa video kwa misimu miwili kuwachuja wahitimu wa sekondari wanaoomba shahada ya biashara. Mwombaji huliona swali kwenye skrini, hupewa sekunde 30 za kujiandaa na dakika 2 za kujibu, kisha wasaili wawili humpa alama kila mmoja peke yake, bila kuona alama za mwenzake.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichonivutia zaidi. Usaili wa mazungumzo huria huyumbishwa na lafudhi, mavazi, au hata mwombaji kushabikia mchezo anaoupenda msaili. Mwaka 1979 chuo kimoja cha tiba mjini Houston, Marekani, kilitakiwa kuongeza wanafunzi 50, kikawachukua waombaji ambao usaili ulikuwa umewashusha. Baadaye ilionekana kwamba hawakuzidiwa na wenzao katika masomo. Tangu nilipoisoma habari hiyo, siamini sana hisia zangu mwenyewe ninapoketi mezani.

Hata hivyo, huduma hii imetunyima swali la kufuatilia. Ana kwa ana tulikuwa tukiuliza hivi: gharama za kudumu za duka ni 60,000 kwa mwezi, kila daftari linanunuliwa kwa 300 na kuuzwa kwa 500, yauzwe madaftari mangapi ili duka lisipate hasara? Jibu ni 300, na wengi hulipata. Utofauti hujitokeza unapomwambia kwamba jirani ameshusha bei hadi 450. Wapo wanaokimbilia kushusha papo hapo, na wapo wanaosita, wakapiga hesabu na kugundua kwamba faida ya kila daftari itakuwa 150, hivyo watalazimika kuuza 400, ndipo wanapouliza kama wateja wa kutosha wapo. Kwenye video, aliyefika 300 hunyamaza na kutazama saa ikimalizika.

Swali la kwa nini mtu anataka kusoma biashara nalo limekufa kabisa, kwani majibu yake yamekaririwa neno kwa neno (mmoja alionekana wazi akisoma karatasi).

Msimu ujao tutaibakiza huduma hii kwa mchujo wa kwanza pekee, na walio karibu na mstari wa kukubaliwa tutawaita kwa dakika 15 za ana kwa ana.